Kurudi Kwetu: Somo Kutoka Kitabu cha Ruthu

Soma kwanza: Ruthu sura ya 1 na ya 4.

Somo letu safari hii lahusu jambo linalowagusa wengi katika mitaa yetu, nalo ni kurudi kwetu. Wako waliotumika mbali miaka mingi, wakastaafu, wakarudi. Wako waliorudi kwa ugonjwa, na wako waliorudi kwa sababu mjini maisha yaliwashinda. Kila mmoja wao hufika na swali moyoni, ingawa halisemi: Je, mimi bado ni wa hapa?

Tukumbuke kwanza kwamba Kanisa letu huku Kusini lilianza kwa safari ya watu waliotafuta kwao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa katika utumwa. Wakashuka Lindi, wakashika njia ya bara, nia yao ikiwa kufika upande wa Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi hawakuendelea, bali walikaa. Hawakukuta pale nyumba za mama zao. Walikata miti, wakajenga, wakalima pamoja. Mwaka 1882 Magwangwara waliwashambulia, wakachukua mateka, na kazi ya Misheni ikahamia Newala kwa muda. Hata hivyo Masasi haikufa. Watu wale walipata kwao kwa kubebana njiani na kwa kuzikana.

Sasa tuwasimulie habari zetu wenyewe, maana mwalimu asiyetaja makosa yake hufundisha nusu.

Sisi tulizaliwa katika vijiji vya Nanyamba, katika boma la nyumba sita lililokuwa la mjomba wetu mkubwa. Baba yetu alikuja kuoa na kukaa hapo, kama ilivyokuwa desturi ya Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama. Kuzunguka boma palikuwa na mikorosho, na chini ya mikorosho muhogo na kunde. Maji yaliteremkiwa bondeni alfajiri, na wakati wa kiangazi tulichimba ming'oko porini.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wawe wanaishi katika vijiji. Kwetu zamu ilifika mwaka 1974, tukiwa na miaka 14. Tuliezua mapaa, tukabeba miti na vyungu, tukahamia kijiji kipya. Boma likawa mahame. Mikorosho haikuweza kuhama, ikabaki peke yake na majani yakaisonga. Ndugu wasomaji mnajua yaliyofuata. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, lakini na hili nalo lilikuwamo: watu waliwekwa mbali na miti yao, na mti usiopaliliwa hauzai.

Sisi tukaenda chuo cha ualimu, kisha Serikali ikatupeleka Tabora. Tulifundisha huko miaka arobaini, tukaoa huko, tukazaa huko. Kila tulipowaeleza watoto wa darasani habari za kwao, sisi wenyewe tuliona lile boma la nyumba sita. Mama alipofariki tulikuja siku nne tu. Mjomba alipofariki tulituma fedha.

Tulipostaafu mwaka 2020 tulirudi na mke wetu. Tuseme kweli: tulirudi na hesabu. Kwa desturi ya zamani mali ya mjomba humwendea mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mpwa ni sisi, basi mikorosho ile ni yetu. Tulijua kwamba binamu yetu, mtoto wa mjomba, ndiye aliyekuwa akiivuna. Tulidhani tutamwambia asante, naye atatupisha.

Binamu huyo ndiye aliyekuja kutupokea kituoni akatutwika mizigo yetu kichwani mwake. Alituambia, "Karibu nyumbani, kaka," nasi tukaona haya, lakini hesabu hatukuiacha.

Kesho yake tulikwenda mahame. Hakuna nyumba, hakuna hata jiwe la meko. Upo mwembe mmoja tuliokuwa tukiupanda, na chini yake makaburi. Lakini mikorosho ilikuwa safi, imepaliliwa na kupogolewa, na mashina yake bado yana weupe wa salfa. Jioni tulimweleza mama mdogo nia yetu. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja: "Mwanangu, mjomba wako nani alimchimbia kaburi?"

Hatukuwa na jibu. Tulijua jibu.

Wiki ya tatu kukatokea msiba jirani. Sisi hatukwenda, maana marehemu hatukumjua. Hakuna aliyetulaumu. Ila siku zilizofuata hakuna aliyekuja kukaa barazani kwetu, na watu walitusalimu upesi upesi kama mgeni wa Serikali. Mama mdogo akatufundisha kama mtoto wa darasa la kwanza: "Hapa hatuendi kwa sababu tunamjua maiti. Twaenda kwa sababu tunawajua waliobaki." Msiba uliofuata ulikuwa wa ndugu zetu Waislamu, ambao katika ukoo wetu ni wengi kuliko Wakristo. Tulichukua jembe, tukaenda, tukachimba kwa zamu na vijana. Mzee mmoja alituuliza, "Wewe ni wa nani?" Tukamtaja mama yetu. Akasema, "Kumbe! Basi sogea kivulini." Tangu siku ile baraza letu halikukosa watu.

Sasa turudi katika Kitabu cha Ruthu, tujifunze mambo matatu.

Jambo la kwanza: anayerudi aweza asione alichonacho. Naomi aliporudi Bethlehemu mji mzima ulitaharuki kwa ajili yake. Yeye akawaambia wanawake kwamba alitoka amejaa na Bwana amemrudisha mtupu. Lakini wakati akisema hayo, Ruthu alikuwa amesimama pembeni yake! Nasi tulisimama mahame tukiomboleza nyumba sita, hali binamu aliyetubebea mizigo alikuwa nyuma yetu akishika panga la kutufungulia njia.

Jambo la pili: mgeni aweza kutangulia mwenyeji. Ruthu alikuwa Mmoabi. Hakudai kitu Bethlehemu. Aliomba ruhusa ya kuokota masazo akaenda shambani. Mke wetu ni Mnyamwezi na hakujua neno la Kimakonde. Lakini juma lile la kwanza alikwenda kubangua korosho na wanawake, akachekwa kwa jinsi alivyochafuka vidole, akacheka nao. Alikwenda na Umoja wa Wamama kumwogesha mgonjwa. Kabla sisi hatujaulizwa ni wa nani, yeye alikwisha pewa jina la nyumbani. Sisi wenyeji tulifika nyuma yake.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni habari ya yule jamaa wa karibu katika sura ya 4. Wahubiri wengi humpita haraka, maana Biblia haikumtaja jina. Boazi alipomwambia kuna shamba la Elimeleki la kukomboa, alikubali mara moja. Alipoambiwa kwamba pamoja na shamba aichukue na nyumba ya marehemu, yaani Ruthu, ili jina la marehemu lisipotee, akarudi nyuma, akisema ataharibu urithi wake mwenyewe. Alitaka ardhi bila watu wake.

Ndugu wasomaji, mtu yule tulikuwa sisi. Kwa sheria ya ukoo tulikuwa wa karibu zaidi, kama yeye. Lakini aliyezika, aliyepalilia, aliyemlisha mama mdogo miaka yote alikuwa mwingine. Mikorosho imeleta mashauri mengi kati ya watoto na wapwa katika nyanda hizi, na hatusemi kwamba kila shauri huamuliwa kwa njia moja. Twasema tu lile lililotokea kwetu. Wazee walikaa chini ya mwembe. Tulipopewa nafasi ya kusema, tulisema miti ibaki kwa aliyeitunza. Binamu alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema upande wa bondeni imebaki mikorosho kumi na mmoja ambayo hakuwahi kuifikia kwa jembe, imezama katika pori, na kama kaka ana nguvu aende akaipalilie, iwe yake.

Tulikwenda. Mwaka wa kwanza hatukupata kitu ila malengelenge. Mwaka wa pili tulipeleka gunia moja ghalani, na mama mdogo alitaka kuliona kabla halijaondoka. Fedha zake zilikuwa chache kuliko pensheni ya mwezi mmoja, lakini hatukumbuki mshahara uliotufurahisha vile. Mama mdogo amekwisha fariki. Safari hii tulikuwapo, na jembe lilikuwa mikononi mwetu.

Basi tujumlishe. Tulidhani kwetu ni mahali ambapo tuna haki ya kudai. Tumejifunza kwamba kwetu ni mahali ambapo watu wana haki ya kutudai: jembe letu, kikao chetu, machozi yetu. Asiyedaiwa na mtu ni mgeni, hata akiwa amezaliwa pale. Aliyekubali kudaiwa ni mwenyeji, hata akiwa ametoka Moabu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Katika mtaa wenu, ni nani aliyerudi karibuni? Je, amealikwa kufanya kazi gani pamoja nanyi, au anaachwa akae tu kama mgeni?

2. Kwa nini yule jamaa wa karibu alikataa? Je, kuna urithi tunaoutaka bila kutaka watu wake?

3. Ninyi mnaoishi mbali: fedha mnazotuma zafanya kazi gani, na kazi gani haziwezi kuifanya?

4. Nani ametunza makaburi na miti yenu? Mmekwisha kumshukuru?

Sala: Ee Mungu, uliyemrudisha Naomi Bethlehemu na kumpa Ruthu mgeni kwao papya, utufungue macho tuwaone ndugu ambao umetuwekea pembeni yetu. Utupe mikono isiyochoka kuchukua mizigo yao, hata siku utakapotukusanya sote nyumbani kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.