Somo: Madoa ya Meza ya Jikoni

Ndugu msomaji, na zaidi wewe mama wa nyumba, tazama meza yako ya jikoni. Utaona doa la mawese, weusi wa ndizi, alama ya damu ya samaki. Mgeni akija unaona haya. Kwa ajili ya haya hiyo watu wanatafuta dawa kali za kuondoa madoa, na dawa ile ikiwekwa vibaya, mtoto anaikunywa. Basi tujifunze kusafisha meza bila kuleta hatari nyumbani.

1. Doa na ugonjwa si kitu kimoja

Doa la mawese ni rangi tu iliyoingia katika mbao. Vijidudu vya kuhara, wewe hauvioni kwa macho. Meza inaweza kuwa na doa, na tena ni safi. Nyingine inang'aa, kumbe imepanguswa na kitambaa kichafu baada ya kukata nyama. Kwa hiyo kila siku osha kwanza kwa maji na sabuni. Kisha shughulika na doa.

2. Kila doa na dawa yake

Damu ya nyama, au ya samaki wa Lualaba na Luama: tumia maji ya baridi. Maji ya moto yanapika damu, nayo inashika mbao sawa vile yai linashika sufuria. Damu ikiisha kutoka, ndipo lete maji ya moto na sabuni.

Mawese: nyunyiza jivu kavu linywe mafuta, likwangue, kisha sugua kwa sabuni na maji ya moto. Kama rangi inabaki, toa meza nje juani siku mbili tatu. Jua linafifisha rangi ya mawese.

Utomvu wa ndizi: paka mafuta kidogo, ngoja, pangusa, osha kwa sabuni. Weusi ukibaki, sugua kwa ndimu na chumvi.

Kutu ya kisu: ndimu na chumvi pia, kisha suuza.

Angalisho: kama meza yako ni ya simenti, hapana kuweka ndimu wala siki. Ukali wake unakula simenti na kuacha vishimo, na uchafu unajificha humo.

3. Maji ya javel

Jina hili ni la Javel, zamani kijiji karibu na Paris, ambako maji hayo yalifanyizwa miaka ya 1780 kwa ufundi wa Berthollet, mtaalamu wa kemia, ili kung'arisha nguo. Yanaua vijidudu, lakini yakikuta uchafu nguvu yao inapotea. Ndiyo sababu tunasema: osha kwanza kwa sabuni. Kisha changanya kipimo 1 cha javel na vipimo 50 vya maji, paka mezani, ngoja dakika 10, suuza.

Hapana kuchanganya javel na ndimu wala siki, hata kidogo! Inatoka hewa ya sumu inayochoma macho na kifua. Kama leo umesugua kwa ndimu, suuza kabisa, na javel iwe siku nyingine.

4. Chupa ile iko wapi?

Sokoni tunanunua javel, petroli, au soda kostiki ya kupika sabuni, kwa kipimo kidogo. Tunatia katika chupa ya limonadi na kuiacha chini ya meza. Mtoto ana kiu. Yeye anajua chupa ile ni ya kinywaji tu. Soda inachoma koo, na kovu lake linaweza kuziba njia ya chakula, hata uji unashindwa kupita.

Dawa hizi zikae juu, mahali mtoto hafiki, zimefungwa vizuri, na kamwe si katika chupa ya kinywaji.

Kama mtoto amekunywa:

– Usimtapishe. Hapana kumpa mawese ili atapike. Soda ikirudi inachoma mara ya pili. Petroli inaingia mapafuni.
– Suuza kinywa chake kwa maji.
– Mpeleke upesi kwenye kituo cha afya au hospitali, usingoje dalili. Chukua na chupa ile, muganga aione.

Maulizo ya kujibu pamoja nyumbani

1. Juu ya nini damu inaoshwa kwanza kwa maji ya baridi?
2. Kitu gani hakichanganywi na javel?
3. Jirani anakimbia na mawese kumpa mtoto aliyekunywa petroli. Utamwambia nini?
4. Sasa simama, tazama chini ya meza yako. Kuna chupa gani pale?

Doa likikataa kutoka, mama, liache. Afadhali meza yenye doa kuliko mtoto mwenye kidonda kooni.