Si lazima uguse waya ndipo stima ikuunguze

WENGI wetu tukisikia kwamba fundi amejeruhiwa na stima, hudhani alishika waya uliokuwa wazi. Yafaa ifahamike kwamba stima inaweza kumuunguza mtu hata kabla hajagusa chochote.

Hali hii huitwa mwako wa stima. Hutokea stima inaporuka hewani kutoka waya mmoja hadi mwingine. Chanzo chaweza kuwa bisibisi iliyoteleza, panya aliyeingia ndani ya kabati la swichi, au vumbi na unyevu. Joto lake laweza kufika digrii 19,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba hugeuka mvuke, na kishindo chake chaweza kupasua ngoma ya sikio. Macho na mapafu pia huumia.

Mhandisi wa Marekani, Ralph Lee, alieleza hatari hii mwaka wa 1982. Siku hizi wahandisi huipima kwa kalori zinazofikia kila sentimita mraba ya ngozi. Kalori 1.2 tu zatosha kutoa malengelenge.

Je, hatari hupimwaje kabla ya kazi kuanza? Kuna maswali manne.

Kwanza, je, stima inaweza kuzimwa? Ikiwezekana, swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli, fundi akae na ufunguo, kisha nyaya zipimwe kuhakikisha hazina stima. Hakuna kinga inayoshinda hii.

Pili, ni stima kiasi gani inayoweza kupita hitilafu ikitokea? Kwa kawaida, kabati lililo karibu na transfoma hupata nyingi zaidi.

Tatu, swichi ya kinga huchukua muda gani kukata stima? Muda ukiongezeka mara mbili, joto nalo huongezeka mara mbili. Ndiyo sababu kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuhatarisha maisha.

Nne, uso na kifua cha fundi vitakuwa umbali gani? Anavyokaribia ndivyo anavyoungua zaidi.

Kutokana na majibu hayo, mhandisi hupiga hesabu na kubandika onyo kwenye kabati, likitaja kalori na mavazi yanayohitajika. Fundi avae nguo na ngao ya uso zinazoweza kuhimili kalori hizo. Ajiepushe na nguo za nailoni au polista, kwani huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri nchini Kenya kuchunguza hatari zilizoko kazini. Kwa hivyo, ukitumwa kufungua kabati lenye stima, uliza kama hesabu hiyo imefanywa. Swali hilo si utundu.

Mwenzako akiungua, zima stima kwanza ndipo umkaribie. Mwagilia jeraha maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Usibandue nguo iliyoganda mwilini wala usipake mafuta au dawa ya meno. Mpeleke hospitalini upesi hata akisema hana maumivu, kwani jeraha lililozama sana huua mishipa ya hisia.