Somo: Cha juu kifanane na cha chini



Leo tutembelee soko la Rungis, karibu na mji wa Paris, kule Ufaransa. Sisi hatutumi mizigo huko, lakini iko jambo moja la kujifunza.

Zamani soko hilo lilikuwa katikati ya Paris, mahali panapoitwa Les Halles. Nafasi ilikuwa ndogo, magari yalikwama. Mwaka 1969 likahamishiwa Rungis, kilometa kama 7 kusini ya mji. Leo lina hektari 234. Mama hawezi kuingia kununua kilo moja ya vitunguu: wanaonunua ni wenye maduka, hoteli na wachuuzi wa mitaani, kila mtu na karata yake ya soko. Kazi ni ya usiku. Samaki wanauzwa tangu saa nane, mboga na matunda kabla jua halijatoka.

Mnunuzi wa usiku iko na haraka. Hawezi kumwaga kila sanduku. Anasoma karatasi yake: mazao yametoka nchi gani, nani aliyafunga, ukubwa gani, daraja gani (Extra, I ao II). Hata maharagi mabichi ya Kenya yanafika na karatasi hiyo. Tena sheria inasema: kile kinachoonekana juu kifanane na kilicho chini.

Na sisi je? Viazi vikubwa juu ya saki, vidogo na vilivyokatwa na jembe chini. Mnunuzi si mjinga. Akidanganywa mara moja, safari ijayo anakata bei ya saki zote, hata ya yule aliyechagua viazi vyake vizuri. Mwerevu mmoja anakula, wote wanalipa.

Basi tufanye hivi:

1. Tuchague mazao nyumbani, mbele ya kufunga: vikubwa peke, vidogo peke. Vidogo viuzwe kwa bei yao, visifichwe.
2. Kilichooza kisisafiri. Kinaozesha vingine njiani.
3. Saki zote ziwe na kilo sawa, zipimwe kwa mizani ya kikundi.
4. Kila saki iandikwe namba ya memba.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

– Mnunuzi akirudisha saki, tunaweza kujua ilitoka kwa nani?
– Memba akificha vibaya chini, tumrudi namna gani bila kumfukuza?
– Nani kati yetu atakagua mizigo, na nani atakagua yake?