Nilivyotia Nguo Rangi kwa Maganda ya Vitunguu

Wanachama wenzangu wanalikumbuka lile vazi la mfalme katika mchezo wetu wa kuigiza mwaka jana. Siku ya mazoezi liling'aa kama ua la alizeti. Siku ya mashindano lilikuwa limepauka kama chai ya maziwa iliyozidi maji, na watazamaji wakacheka hadi mfalme akasahau maneno yake. Aliyelitia rangi ni mimi. Tena kitambaa chenyewe kilikuwa shuka la mama, nililoliomba kwa ahadi kubwa kubwa.

Nilikuwa nimetumia manjano, yale ya kupikia. Manjano hushika nguo upesi, hata vidole vyako ni mashahidi, lakini mwanga wa jua huyaua. Nami nililianika vazi juani siku tatu mfululizo, nikiringa! Yana vituko vingine pia. Nilipolisugua kwa sabuni ya kipande likawa jekundu, nikapiga kelele. Wanaosoma kemia watatambua: manjano yakikutana na alkali hugeuka, kama litimasi. Maji ya ndimu yaliyarudisha.

Likizo ya Agosti nikaanza upya. "Shuka jingine hupati," Mama akasema, akanitupia fulana kuukuu ya pamba. Afadhali, maana poliesta haishiki vizuri rangi hizi. Mama mboga wa mtaani alinipa maganda makavu ya vitunguu bure, mfuko mzima.

Nilikata fulana vipande vitatu, nikavichemsha kwa sabuni kutoa mafuta. Kipande cha kwanza nilikiacha hivyo hivyo. Cha pili na cha tatu nilivilaza usiku kucha katika chai kali ya rangi, kisha katika maji moto yenye shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Shabu ni yale mawe kama chumvi ambayo vinyozi hupaka baada ya kunyoa. Siri iko hapa, ndugu msomaji: madini ya aluminiamu yaliyomo ndani ya shabu hushikana na uzi upande mmoja na rangi upande wa pili, na ile tanini ya majani chai huisaidia pamba kuyapokea. Nilichemsha maganda saa nzima, nikachuja, nikatumbukiza vipande vyote saa nyingine kwa moto mdogo. (Sufuria iwe ya kazi hiyo tu, si ya ugali.) Cha tatu nilikimalizia kwa maji ya misumari yenye kutu iliyolowekwa katika siki.

Cha kwanza kilitoka hudhurungi hafifu. Cha pili, rangi ya dhahabu! Cha tatu kikawa kijani cheusi, kama majani ya mparachichi. Nikavibandika dirishani penye jua, nusu nimeifunika kwa kadibodi. Baada ya wiki tatu cha kwanza kilikuwa kimechujuka. Cha pili kilipungua kidogo tu.

Kabla ya 1856 watu walipata rangi za nguo hasa kwa mimea na wadudu. Mwaka huo William Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini akaambulia rangi ya zambarau. Hata yeye alianza kwa kukosea!

Vazi jipya la mfalme, la dhahabu, limo kabatini mwa chama. Shuka la mama bado nadaiwa.