Kuweka Akiba kwa Madini ya Fedha: Maswali na Majibu

Kwa nini mtu anunue fedha?

Fedha haizai. Haitoi gawio wala pango, na kilo moja iliyofungiwa leo itatoka kilo ileile baada ya miaka 20. Anayeinunua anatafuta jambo jingine: mali isiyoweza kuchapwa na serikali yoyote, na isiyotegemea ahadi ya benki wala kampuni. Dhahabu nayo ina sifa hiyo, tena kwa uthabiti zaidi, lakini gramu moja ya dhahabu hugharimu makumi ya mara ya gramu moja ya fedha. Mwenye kipato kidogo anaweza kuanza na fedha mapema, na kuiuza vipande vipande kadiri ya mahitaji yake.

Bei yake inatokana na nini?

Hunukuliwa kwa dola za Marekani kwa wakia moja, na wakia ya madini ya thamani ni gramu 31.1, si gramu 28.35 za wakia ya kawaida. Masoko yanayoiongoza bei yapo London na New York. Zaidi ya nusu ya fedha inayohitajika duniani huenda viwandani: kwenye paneli za sola, vifaa vya elektroniki na swichi za umeme. Kwa hiyo uchumi wa dunia ukidorora, fedha inaweza kushuka wakati uleule dhahabu inapopanda.

Upande wa uchimbaji una tabia yake. Sehemu kubwa ya fedha hupatikana pamoja na madini mengine: shaba, risasi, zinki na dhahabu. Meksiko ndiyo inayoongoza kwa uzalishaji. Nchini Tanzania, fedha iliyokuwamo kwenye makinikia (mchanga wa madini) ya mgodi wa Bulyanhulu ilikuwa imeandamana na dhahabu na shaba. Mgodi haukuchimbwa kwa ajili yake. Bei ya fedha ikipanda, migodi ya aina hii haiongezi kasi, kwa sababu inasikiliza bei ya madini makuu. Soko la fedha pia ni dogo likilinganishwa na la dhahabu, hivyo pesa nyingi ikiingia au kutoka kwa ghafla, bei huruka.

Huruka kiasi gani?

Hapa ndipo wanunuzi wengi wapya hawajajiandaa. Mwanzoni mwa 1979 wakia moja ilikuwa kama dola 6. Ndugu wawili matajiri wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walikuwa wakikusanya fedha kwa wingi mno, sehemu kubwa kwa pesa ya kukopa, na Januari 1980 bei ikakaribia dola 50. Soko la New York likabana ununuzi wa mkopo. Tarehe 27 Machi 1980 bei ikaporomoka kwa karibu nusu ndani ya siku moja, hadi chini ya dola 11.

Mwanzoni mwa karne hii wakia ilikuwa kama dola 4 na ushee. Aprili 2011 ikakaribia tena dola 50. Mwisho wa 2015 ikawa chini ya dola 14. Ilivuka dola 50 Oktoba 2025. Aliyenunua kwenye kilele cha 1980 alisubiri miaka 45 ili kuirudisha ile namba, na namba hiyo haikuwa na thamani ileile: kwa mfumuko wa bei wa Marekani, dola 50 za 1980 zilikuwa na uwezo wa kununua wa dola 200 hivi za 2025. Aliyenunua mwaka 2001 na kuuza kwenye kilele cha 2011 aliizidisha pesa yake zaidi ya mara kumi. Madini ni yaleyale. Tofauti ni siku ya kuingia. Ndiyo maana kununua kidogo kidogo kwa miaka kadhaa ni busara kuliko kuingiza akiba yote siku ambayo magazeti yanaishangilia bei.

Kwa anayepata kipato kwa shilingi kuna hesabu ya pili. Shilingi ya Kenya ilikuwa chini ya 90 kwa dola mwanzoni mwa 2011, na karibu 129 mwaka 2025. Sehemu ya faida inayoonekana kwa shilingi ni kupanda kwa dola tu, faida ambayo akiba ya dola ingeileta pia bila kuyumba kwa kiasi hicho.

Umbo gani linafaa?

Vipande vya mche na sarafu za kisasa zenye usafi wa 999 au zaidi, zilizotoka katika viwanda vinavyojulikana: Eagle ya Marekani, inayotolewa tangu 1986, Maple Leaf ya Kanada, Philharmoniker ya Austria, Britannia ya Uingereza. Sarafu huuzwa ghali kuliko mche wa uzito uleule, lakini hutambulika haraka na huuzika moja moja. Mche wa kilo moja una nyongeza ndogo kwa kila gramu, ila haukatwi nusu mwenyewe akihitaji ada ya shule.

Gharama halisi ni ipi?

Bei ya kwenye kioo cha simu si bei anayolipa mnunuzi, wala si anayopewa muuzaji. Tuseme soko linasema dola 50. Muuzaji anatoza 58, na siku ileile angenunua tena kwa 47. Kwa viwango hivyo, soko lazima lipande hadi karibu dola 62, yaani zaidi ya asilimia 23, ili mwenye sarafu arudishe tu alichotoa. Kwa dhahabu pengo hilo kwa kawaida ni dogo zaidi.

Kodi huongeza mzigo. Uingereza hutoza VAT ya asilimia 20 kwa fedha, huku dhahabu ya uwekezaji ikisamehewa. Falme za Kiarabu hutoza kiwango cha sifuri kwa fedha ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 na zaidi, jambo linaloifanya Dubai ivutie wanunuzi wa pwani. Lakini ushuru na kodi za nchi anakorudi nayo msafiri lazima ziulizwe forodhani kabla ya safari. Swali la kwanza kwa muuzaji yeyote liwe: utainunua tena kwa bei gani?

Vito na sarafu za kale je?

Bangili ya 925 ina asilimia 92.5 ya fedha, na mnunuzi hulipia pia ufundi, ambao sonara wa pili hatarudisha. Ni pambo, na kwa pambo inafaa sana; kama akiba ni ghali.

Sarafu za kale zinahitaji kujua ndani kuna nini. Reale ya Maria Theresa, iliyozunguka Zanzibar, Oman na Uhabeshi, ina uzito wa gramu 28 na takribani gramu 23.4 za fedha safi. Mwaka 1780 ulioandikwa juu yake hauthibitishi ukongwe, kwa kuwa imeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hadi nyakati zetu. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina karibu gramu 10.7 za fedha safi. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha, chini ya gramu 2, kisha 1948 ikawa ya shaba na nikeli. Atakayelipa zaidi ya thamani ya madini analipia historia, na soko la historia lina wanunuzi wachache.

Bandia hutambuliwaje?

Fedha haivutwi na sumaku, lakini shaba pia haivutwi, hivyo jaribio hilo huondoa bandia za chuma tu. Mzani na kipimo cha unene na kipenyo husaidia zaidi, kwa sababu fedha ina gramu 10.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo na sarafu bandia hukosea uzito au ukubwa. Sonara mwenye mashine ya kusoma madini hutoa jibu la uhakika zaidi. Chombo chenye herufi EPNS kimepakwa fedha juu tu, na kile kinachoitwa fedha ya Kijerumani ni shaba, nikeli na zinki, bila fedha hata chembe.

Ihifadhiwe wapi?

Penye ukavu, ndani ya vifuniko vya plastiki ngumu visivyopitisha hewa, mbali na mpira na sufu. Weusi unaotokea ni tabaka jembamba la salfaidi na hauharibu thamani ya madini; kusugua ndiko kunakoshusha bei ya sarafu. Tatizo kubwa ni nafasi. Uwiano wa bei ukiwa 80 kwa 1, thamani ya kilo moja ya dhahabu huhitaji kilo 80 za fedha, na hujaza nafasi karibu mara 150. Sanduku la benki hujaa haraka. Nyumbani, siri ni sehemu ya ulinzi, ila mrithi mmoja mwaminifu ajue ilipo.

Fedha ya kwenye akaunti?

Mifuko inayouzwa kwenye soko la hisa hufuata bei kwa gharama ndogo ya mwaka, na huuzika kwa dakika. Mikataba ya baadaye ya New York, ambayo ule wa kawaida ni wa wakia 5,000, si ya mweka akiba.

Zaka hukokotolewaje?

Nisabu ni dirhamu 200, ambazo kwa hesabu ya wanazuoni wengi wa sasa ni gramu 595. Ikifika hapo na kupitiwa na mwaka wa Hijria, hutolewa asilimia 2.5: kwa kilo moja, gramu 25 au thamani yake. Vito vya halali anavyovaa mwanamke havitolewi zaka katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, ilhali Wahanafi huvitolea. Ununuzi wenyewe, kwa wanazuoni wengi, uwe mkono kwa mkono, bila mkopo.

Iuzwe lini?

Inapohitajika kwa jambo lililokusudiwa, au ikishakuwa fungu kubwa mno la mali yote. Kabla ya kuuza ziulizwe bei kwa wanunuzi wasiopungua watatu, siku moja, kwa uzito uliopimwa mbele ya mwenye mali, na risiti ya ununuzi iwepo. Miji mingi ya Afrika Mashariki ina masonara wengi wa dhahabu kuliko wanunuzi wa fedha, hivyo anayeuza kwa haraka hupunjwa. Akiba ya dharura ya miezi michache ikae benki au kwenye simu, isiwe madini ya fedha.