Dawa za Steroidi na Saa za Mwanzo za Jeraha la Ugwe wa Mgongo

Mbwa agongwapo na gari akaanza kuburura miguu ya nyuma, mtazamaji hudhani kwamba madhara yote yametendeka papo hapo. Sivyo. Ugwe wa mgongo, yaani lile fungu la neva lipitalo ndani ya pingili za uti wa mgongo, huumia mara mbili.

Mwaka 1911 tabibu wa Marekani, Alfred Allen, aliangusha uzani juu ya ugwe wa mbwa waliotiwa nusukaputi. Wale aliowapasua ugwe na kuondoa damu iliyovilia walipata nafuu kuliko walioachwa. Basi kitu fulani ndani ya jeraha kiliendelea kudhuru baada ya pigo. Leo twajua kwamba mishipa midogo ya damu huziba, oksijeni hupungua, na molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzi huyashambulia mafuta ya utando wa seli. Molekuli moja ya mafuta ikiharibika huiharibu jirani yake, mithili ya moto katika nyasi kavu.

Mapema katika miaka ya 1980, Edward Hall na Mark Braughler waliwachoma paka walioumia ugwe sindano ya steroidi iitwayo methiliprednisoloni. Miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito ziliuzuia moto huo; kipimo kilipofanywa maradufu, manufaa yalipungua. (Wanafunzi hudhani kwamba dawa nyingi ni dawa bora!) Tena, kadiri sindano ilivyochelewa, ndivyo dawa ilivyozidi kushindwa kuufikia ugwe, kwa kuwa damu iichukuayo ilikwisha kupungua. Na mafuta yaliyokwisha kuharibika hayarudi.

Mwaka 1990 majaribio kwa binadamu yalidai manufaa iwapo dawa itatolewa ndani ya saa 8. Mpaka huo, kwa maoni yangu, ulikuwa dhaifu: ulipatikana kwa kuwagawa wagonjwa, si kwa kuwatazama wote. Mwaka 2013 vyama vya madaktari wapasuaji wa neva Marekani vilishauri dawa hiyo isitumiwe, kwani huleta maambukizo na kutokwa damu tumboni.

Mwaka 2016 yalitangazwa majaribio juu ya mbwa 63 waliopooza kwa sahani za uti wa mgongo kuchomoza, wote chini ya saa 24. Waliopewa steroidi hawakuwashinda waliopewa dawa bandia. Maabarani saa ya pigo hujulikana na sindano hutolewa mapema. Mbwa wa nyumbani hukutwa asubuhi, naye hupaswa kwanza kupelekwa kwa daktari.