Umeshika Nini Kwenye Picha Yako ya Mahafali?



Mpendwa kijana, ukutani nyumbani kwetu kuna picha yangu ya mahafali ya kidato cha sita. Nimevaa sare, nimeshika gitaa. Kila mgeni akiingia, mama humwambia, "Huyu mwanangu ana kipaji, anapiga gitaa." Ukweli ni kwamba sijui kupiga hata noti moja. Gitaa lilikuwa la mpiga picha. Alikuja nalo pamoja na miwani ya jua na maua ya plastiki, ukilipia unachagua. Nami nikachagua.

Huu ni mwaka wa sita, na sijamwambia mama. Na sasa mambo yamekuwa makubwa: amemwahidi mwalimu wa kwaya kigangoni kwamba nikija likizo nitawapigia!

Ndiyo maana leo tujifunze kuhusu vitu tunavyoshika kwenye picha.

1. Kushika kitu si dhambi

Desturi hii ni ya wengi. Marekani, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hupigwa picha rasmi ya kumaliza shule, na wengi huja na kitu chao: mpira, fidla, hata mbwa wa nyumbani. Huku Afrika nako, Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, akawa anawaazima wateja saa, kalamu, redio na hata pikipiki. Mtu alitaka kuonekana vile anavyotamani kuwa. Basi tusiwacheke. Kutamani makuu si kosa.

Na watakatifu je? Ingia kanisani utazame sanamu. Petro ana funguo, Paulo ana upanga, Yosefu ana vifaa vya useremala. Hata asiyejua kusoma anawatambua. Kile kitu kinasema jina lake.

2. Teresa na picha zake mbili

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alipigwa picha nyingi kuliko watakatifu wengi wa wakati wake, kwa sababu dada yake Céline aliingia na kamera katika monasteri ya Karmeli ya Lisieux mwaka 1894. Mwaka 1895 Teresa alipigwa picha akiwa amevaa kama Yoana wa Arc, na upanga mkononi. Alikuwa ameandika mchezo wa kuigiza juu ya Yoana, naye akaigiza. Je, alidanganya? Hapana. Kila mtawa pale alijua kuwa ni mchezo.

Halafu Juni 1897 akapigwa nyingine. Alikuwa tayari anaumwa kifua kikuu, na miezi mitatu na siku kadhaa baadaye akafariki, akiwa na miaka 24. Safari hii ameshika picha mbili ndogo: ya Mtoto Yesu na ya Uso Mtakatifu. Kumbe hilo ndilo jina lake la kitawa, Teresa wa Mtoto Yesu na wa Uso Mtakatifu! Alishika jina lake mwenyewe.

3. Uongo usio na maneno

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba mtu anaweza kudanganya kwa matendo kama anavyodanganya kwa maneno. Huko ndiko kujifanya. Mdomo umefungwa, lakini mkono unasema uongo. Ndipo nilipojikuta mimi. Sikumwambia mama kuwa napiga gitaa. Nilimwacha tu aamini.

Lakini kwa nini nilichagua gitaa? Hapa ndipo panaponiuma. Shuleni nilikuwa mpiga kengele kwa miaka miwili. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, na fimbo yake ni kipande cha nondo. Saa kumi na moja alfajiri, baridi, mimi niko pale. Siku ya mahafali rafiki yangu akaniambia, "Njoo upigwe na rimu yako bwana, ndiyo wewe!" Niliona aibu. Nikaenda kwenye gitaa. Kwa hiyo kosa langu lilikuwa na sehemu mbili: nilishika kisicho changu, na nilikikataa kilicho changu.

4. Yesu alionyesha nini?

Yesu mfufuka alipowatokea wanafunzi wake, aliwaonyesha mikono yake na ubavu wake (Yn 20:20). Angeweza kuja na taji. Alikuja na majeraha, na kwa hayo wakamtambua, wakafurahi. Yale ambayo wengine wangeyaficha, yeye aliyafanya utambulisho wake.

Jiulize kabla ya picha

- Kitu hiki kimepita mikononi mwangu kweli, au nimekikodi leo?
- Wazazi wangu wakikiona, watajua ukweli au watabaki na hadithi?
- Kipo kitu changu ninachokionea aibu? Kwa nini?

Na hata picha unazoweka kwenye simu yako, jiulize hivyo hivyo. Gari la watu, nyumba ya watu, tabasamu la watu.

Sikwambii ushike jembe ili uonekane mnyenyekevu. Huko nako ni kujifanya. Kama ni mpira, shika mpira. Kama huna cha kushika, simama na mikono yako mitupu, inatosha.

Mimi likizo hii nimeamua: nitamwambia mama, kisha mwalimu wa kwaya. Naogopa kidogo, mniombee.

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe unanijua kabla sijapiga picha yoyote. Niondolee aibu ya kuwa mimi, unipe moyo wa kusema kweli, hata pale nilipochelewa. Amina.

Tafakari njema!